Historia ya pande mbili za nyumba moja: kipi nimsomee mwanangu, kipi asome mwenyewe?

BARUA YA MSOMAJI

Kwako mshauri wetu,

Asalaam aleikum, na salamu zangu ziwafikie wasomaji wote wa safu hii.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tabora, na kwa sasa naishi na familia yangu mjini Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Binti yetu mkubwa ana umri wa miaka 9. Tangu mwaka jana tunamsomesha nyumbani, kwa sababu darasa alilokuwamo lilikuwa na watoto wengi, na yeye, ambaye ni mpole na mzito wa kusema mbele za watu, alikuwa akirudi bila kuuliza wala kuulizwa jambo lolote. Uamuzi huo tuliufanya pamoja, mume wangu na mimi, na hatujaujutia. Hisabati na sayansi anafundishwa na baba yake jioni na siku za mapumziko. Lugha na historia ni zamu yangu asubuhi.

Katika historia nimefuata utaratibu unaotumiwa na familia nyingi zinazosomesha watoto nyumbani hapa. Kila kipindi cha historia kina vitabu vya aina mbili: vile ninavyomsomea kwa sauti tukiwa tumekaa pamoja, baada ya kifungua kinywa na tena usiku kabla hajalala, na vile anavyosoma mwenyewe kisha akanisimulia kwa maneno yake. Kiingereza anakisoma kwa kasi inayonishangaza. Kiswahili anakielewa vizuri sana akikisikia, lakini akikisoma mwenyewe huchoka upesi. Kwa sababu hiyo mgawanyo umejipanga wenyewe: vya Kiswahili namsomea mimi, vya Kiingereza anasoma yeye.

Orodha ya vitabu niliyoinunua ili kunisaidia ni nzuri kwa historia ya Marekani na Ulaya. Afrika inajitokeza katika Misri ya kale, kisha inatoweka kwa karne nyingi mpaka inaporudi ndani ya meli za watumwa. Ndiyo maana nilianza kutafuta vitabu vyangu mwenyewe kuhusu mwambao wetu na bara yetu, na hapo ndipo penye tatizo langu.

Mume wangu ni Mzanzibari wa ukoo uliotoka Oman vizazi vingi vilivyopita. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye amenipenda kama binti yake, alizaliwa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake, ikiwa imepoteza nyumba na baadhi ya ndugu, ilihamia Muscat. Upande wangu sisi ni Wanyamwezi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akituhadithia habari za dada wa bibi yake, ambaye alichukuliwa akiwa bado msichana, akapelekwa pwani, na habari zake hazikusikika tena. Habari hiyo nami nimemhadithia binti yangu, kwa sababu ni ya kwao. Ya mwaka 1964 hayazungumzwi sana nyumbani kwetu, na ya yule msichana hayajawahi kuzungumzwa mbele ya mama mkwe.

Wiki chache zilizopita binti yangu alikuwa akisoma peke yake kitabu cha Kiingereza tulichokiazima maktaba, kinachoeleza historia ya Bahari ya Hindi kwa watoto. Ndani yake mlikuwa na picha ya zile sanamu zilizoko Mkunazini, Unguja, za watu waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni, na chini yake maelezo mafupi kuhusu wafanyabiashara Waarabu wa watumwa. Usiku ule, tukiwa tunakula, alimgeukia mama mkwe akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bibi, mababu zako ndio waliomchukua yule msichana wa kwao mama?" Mama mkwe hakujibu. Alinawa mikono, akaondoka, na hakurudi kula.

Tangu siku hiyo mume wangu anasema kwamba habari za utumwa wa pwani ziahirishwe mpaka mtoto afikishe miaka 13 au 14. Kwa sasa asome habari za Kilwa, majahazi, karafuu na majengo ya Mji Mkongwe, kisha turuke hadi uhuru wa mwaka 1961. Anasema pia kwamba vitabu hivi vya Kiingereza vinawatwika Waarabu kila kitu na kusahau yaliyofanywa na Wazungu. Katika hilo naona ana haki kwa kiasi. Lakini kuruka karne nzima naona ni kumficha mtoto jambo ambalo tayari ameliona.

Nikimsomea mimi mwenyewe, naogopa sauti yangu, kwa kuwa nikifika kwenye maneno yale koo hukauka na mtoto ananijua. Nikimwachia asome peke yake, atakaa na picha zile bila mtu. Akimsomea baba yake, nina wasiwasi kwamba ataruka kurasa. Naomba unisaidie kuchagua: vitabu gani vya kipindi hiki nimsomee, vipi nimwachie, na nifanye nini ili nyumba yangu isigawanyike kwa sababu ya somo la historia?

Mama wa msomaji mdogo,
Houston, Texas

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu mpendwa, waaleikum salaam, na ahsante kwa kutuandikia kwa uwazi namna hii.

Kama nimekuelewa sawasawa, unatafuta vitabu vya karne ya 19 kwa mtoto mwenye akili nyepesi ambaye amebeba pande zote mbili za historia hiyo katika damu yake, na unavitafuta ndani ya nyumba yenye watu wazima watatu ambao kila mmoja ana sababu yake ya kuiogopa karne hiyo. Mume wako anaogopa mtoto asije akamwona bibi yake kama mkosaji. Mama mkwe anaogopa, nadhani, kuulizwa jambo ambalo hakulitenda na ambalo huenda hata yeye hakusimuliwa. Wewe unaogopa yule msichana asipotee mara ya pili, safari hii kwa kurukwa kurasa. Hofu zote tatu ni za watu wanaompenda mtoto mmoja, na nitakayoyasema kuhusu vitabu ningependa uyapime kwa kuzikumbuka zote tatu.

Nianze na mgawanyo wako wa vitabu. Umesema ulijipanga wenyewe kwa lugha, na hilo linaeleweka katika nyumba nyingi za Waswahili walio ughaibuni. Hata hivyo, tazama mgawanyo huo umezaa nini. Vitabu vya Kiingereza kuhusu pwani yetu, ambavyo vingi vimeandikwa na watu wasioijua na ambavyo ndani yake mna picha nzito kuliko zote, ndivyo ambavyo mtoto amekuwa akivisoma akiwa peke yake. Na vya Kiswahili, ambavyo huenda vingine ni vyepesi zaidi, ndivyo anavyosomewa akiwa ameegemea bega lako. Inawezekana kipimo kingine kikakufaa zaidi: mambo gani mtoto huyu hapaswi kuyakuta bila mtu mzima karibu yake? Hayo yasomwe kwa sauti, kwa lugha yoyote yaliyoandikwa. Kitabu cha Kiingereza unaweza kumsomea kwa Kiingereza, ukasimama katikati ya ukurasa, mkazungumza kwa Kiswahili, kisha mkaendelea. Mtoto wa umri huu huweza kufuata kwa kusikia habari nzito kuliko zile anazozimudu machoni mwake peke yake, na faida kubwa ya kumsomea ni kwamba anaweza kukukatiza na kuuliza papo hapo. Kitabu kinachosomwa chumbani hakikatizwi, na ndiyo maana swali lake lilitokea mezani.

Kwa upande wa pili, usimnyime nafasi ya kusoma Kiswahili mwenyewe kwa sababu tu huchoka. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limo katika mtaala mpya wa shule za msingi za Tanzania, na Taasisi ya Elimu Tanzania huweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Vitabu vya kiada havina utamu wa kusomewa usiku, na sishauri mvisome kwa sauti sura kwa sura. Lakini aya mbili tatu kwa siku, za lugha nyepesi na zenye picha, zinaweza kumfaa msomaji anayeanza kujenga pumzi.

Sasa nije kwenye umri wa miaka 13, na hapa naomba umsomee mume wako maneno yangu kwa heshima, kwa sababu hoja yake si ya kubezwa. Mtoto wa miaka 9 hupokea historia kama habari za watu anaowajua. Akisoma neno "Waarabu" hafikirii dola wala soko. Anamfikiria bibi yake, baba yake na jina lake la ukoo. Mume wako ana haki pia kuhusu upande wa waandishi: masimulizi mengi ya Waingereza kuhusu utumwa wa Afrika Mashariki yaliandikwa katika miaka ileile ambayo Uingereza ilikuwa ikijitafutia mamlaka huku, hadi Zanzibar ilipowekwa chini ya ulinzi wake mwaka 1890, na kumchora Mwarabu kuwa mkatili peke yake kuliwafaa. Vitabu vingi vya watoto vya leo vimerithi mchoro huo bila kuuchunguza.

Ninachomuomba afikirie ni iwapo kuahirisha kunawezekana hapo mlipo. Mnaishi Houston, na Galveston iko umbali wa kilomita 80 hivi kutoka kwenu. Huko ndiko Jenerali Gordon Granger alikotangaza, tarehe 19 Juni 1865, kwamba watumwa wa Texas wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais Lincoln la tarehe 1 Januari 1863. Siku hiyo ni sikukuu ya jimbo lenu tangu mwaka 1980 na ya taifa zima tangu 2021. Binti yenu ataiona kila Juni, pamoja na vitabu vilivyopangwa mbele ya rafu za maktaba. Kwa hiyo mkiahirisha, mtakachokuwa mmeahirisha ni utumwa wa kwetu tu. Atajua mapema yaliyotendwa na wengine, na kwa kuchelewa yaliyotendwa kwetu na nasi. Akiwa na miaka 13 anaweza kuuliza kwa nini, na swali hilo litakuwa gumu kuliko la sasa.

Hata mpango wa kukaa Kilwa hauwaepushi. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamsifu sultani kwa ukarimu wake, na katika kisa anachokisimulia, zawadi ambazo maskini mmoja anapewa ni watumwa na mizigo ya pembe za ndovu. Naona hili ni jambo la heri kwenu. Mnaweza kuanza na Kilwa kama mume wako anavyopenda, na utumwa ukajitokeza kwa kipimo kidogo, ndani ya mji wenye msikiti mkubwa, kasri la Husuni Kubwa na biashara ya dhahabu ya Sofala, ili mtoto asije akalifahamu jambo hilo mara ya kwanza kupitia minyororo ya Mkunazini.

Nawe pia, dada yangu, nikuulize kwa upole: je, una hakika kwamba historia hii ina pande mbili tu, wa kwao na wa kwako? Swali la binti yako lina umbo hilo, na ni umbo ambalo watu wazima tulimpa. Karne ya 19 yenyewe ilikuwa imechanganyika zaidi. Wanyamwezi hawakuwa watu wa kuchukuliwa tu. Walikuwa wasafiri mashuhuri wa njia ya kati, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi hiyo kwa ujira wa vitambaa na shanga. Kitabu kinachomwambia mtoto kwamba kila pembe ya ndovu ilibebwa na mtumwa kimemnyang'anya babu zake wa Tabora kazi waliyoijivunia. Papo hapo, watumwa walikuwako Unyamwezi pia, katika nyumba za machifu na za matajiri. Na huko pwani, mashamba ya karafuu na misafara ya bara iliendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi na kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani.

Kuhusu Marekani, kuna jambo ambalo natamani liingie katika masomo yenu hata kama mtaacha mengine yote. Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1840 meli yake iitwayo Sultana ilitia nanga New York, nahodha wa kibiashara akiwa Ahmad bin Na'aman. Kitambaa cha merikani kilichovaliwa Unyamwezi na kulipia ujira wa wapagazi kilitoka katika viwanda vya Massachusetts, vilivyotumia pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa nchi hiyo. Pembe za ndovu zilizoteremshwa Bagamoyo na kupitia Unguja zilifika Connecticut, zikakatwa kuwa vibonye vya piano. Mtoto anayeishi Texas, mwenye bibi wa Unguja na mama wa Tabora, anaweza kuifuata safari hiyo yote kwa kidole juu ya ramani, na akaona kwamba orodha yako ya Marekani na orodha yako ya pwani zinakutana.

Lakini hapa pana hatari, nami sitaki uingie ndani yake kwa ushauri wangu. Maelezo ya "hata wengine walifanya" huweza kugeuka kuwa sabuni. Mtoto anaweza kuondoka na fikra kwamba kwa kuwa wengi walihusika, hakuna aliyetenda. Soko la watumwa la Unguja lilikuwako mpaka Sultani Barghash alipolifunga Juni 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Tarehe hizo zipo, na waliomiliki mashamba walipata faida. Yule msichana wa kwenu alichukuliwa na watu wenye majina, hata kama majina hayo hatunayo. Kitabu kizuri kitakuwa kile kinachoonyesha mchanganyiko huo bila kumfuta aliyeumizwa.

Vitabu vyenyewe sasa. Umeomba majina, na nitakutajia matatu, kila kimoja kikiwa na ubora wake na upande wake.

Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Kimeandikwa kwa Kiswahili na mtu ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa watumwa waliokombolewa na kupelekwa Frere Town, makazi ya wamisionari huko Mombasa. Ni kitabu kifupi, lugha yake inasomeka vizuri kwa sauti, na watumwa ndani yake ni watu wenye wazazi, vijiji na majina. Upande wake ni huu: kinawasifu sana Waingereza na kuwaeleza Waarabu kwa ukali. Kukisoma mbele ya mama mkwe bila maandalizi kunaweza kurudisha yaliyotokea mezani. Ukikisoma na binti yako pekee, mnaweza kusimama na kuuliza kwa nini mwandishi aliyelelewa katika jamii ya misheni aliwaona Waingereza hivyo.

Cha pili ni kumbukumbu za Bi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866. Alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, nazo zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Sura za utoto wake, zikiwamo za kasri la Mtoni, ni za kumfurahisha msichana wa miaka 9, hasa pale anapoeleza jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hizo, mume wako au mama mkwe wanaweza kumsomea, na huenda mama mkwe akawa na la kuongeza kuhusu Mtoni ambalo kitabu hakina. Lakini Bi Salme, ambaye mama yake mwenyewe aliingia kasrini akiwa suria kutoka Ukaukazi, anautetea utumwa wa Zanzibar katika sura nyingine. Sura hiyo nisingemwachia mtoto peke yake. Kwa msomaji mkubwa kidogo ina somo zito, kwamba mtu mwema na mpole anaweza kuishi ndani ya jambo baya na kuliona la kawaida.

Cha tatu ni chako wewe na mume wako, si cha mtoto: maisha ya Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20. Anaeleza safari, vita, pembe na siasa za bara, Tabora ikiwamo, na watu waliotekwa wanapita katika maneno yake karibu bila sura. Nadhani mkikisoma pamoja, nyinyi wawili, jioni watoto wakiwa wamelala, mtakuwa na la kuzungumza kabla ya kumchagulia mtoto.

Kwa rafu ya kusoma peke yake, kipimo changu kingekuwa kuvisoma kwanza wewe au baba yake, na kuangalia mambo machache. Waafrika na Waswahili wa kitabu hicho wanatenda, au wanatendewa tu? Kuna mtu hata mmoja mwenye jina? Maelezo ya picha yanataja nani aliitengeneza na lini? Sanamu za Mkunazini, kwa mfano, zilichongwa mwaka 1998. Mtoto akilijua hilo ataelewa kwamba anatazama kumbukumbu iliyowekwa na watu wa juzi. Maisha ya watu mashuhuri, ramani, habari za majahazi na pepo za kaskazi na kusi, habari za Kilwa, za Mtemi Mirambo na za Siti binti Saad, zote zaweza kukaa hapo kwa usalama. Kile kitabu cha maktaba nacho sioni haja ya kukificha. Kukitoa nyumbani baada ya swali lile kunaweza kumfundisha kwamba swali lilikuwa kosa. Kingeweza tu kuhamia kwenye vile mnavyosoma pamoja.

Kuhusu sauti yako. Unaogopa kwamba koo likikauka mtoto atajua. Atajua, kweli. Lakini je, ni lazima msomaji awe hana hisia ndipo asome vizuri? Unaweza kumwambia mapema kwamba ukurasa huu unakuhuzunisha, kwa sababu unamkumbuka dada wa bibi wa bibi yako, na kwamba huzuni hiyo haimlengi mtu yeyote wa nyumbani. Hatari ipo iwapo huzuni itakuja bila maelezo, maana hapo mtoto hutafuta wa kumlaumu, na aliye karibu ni bibi yake. Ukiona siku hiyo huwezi, funga kitabu. Nami nisingesoma sura hizi usiku. Ziwe za asubuhi, mtoto apate mchana mzima wa kucheza na kuuliza.

Iwapo baba yake atasoma, hofu yako ya kurukwa kurasa inaweza kupungua mkikubaliana kabla ni kurasa zipi zirukwe kwa sasa. Kuruka kwa makubaliano ni uchaguzi wa mwalimu, na mtoto wa miaka 9 hahitaji kila undani wa mateso. Ipo pia njia ya kusoma wote wawili, sura kwa zamu, mtoto akisikia habari ileile kwa sauti ya Tabora na kwa sauti ya Unguja. Njia hiyo inavutia, lakini inawadai ninyi wawili muwe mmezungumza kwanza, vinginevyo mtabishana mbele yake.

Limebaki jambo la mama mkwe, ambalo nimelichelewesha kwa sababu ni zito. Yaliyomfika mwaka 1964 nayo ni historia, na katika familia nyingi mambo haya mawili, utumwa na Mapinduzi, huwekwa kwenye mizani moja kama madeni yanayofutana: akitajwa aliyechukuliwa, hutajwa aliyeuawa. Ukimya wa mezani huenda ulikuwa na mizani hiyo ndani yake. Kwa mtoto, ningejitahidi kuyatenganisha, kila moja na wakati wake na vitabu vyake, ili lisigeuke kuwa jibu la jingine. Mama mkwe hana wajibu wa kuwa mwalimu wa jambo lolote kati ya hayo. Anaweza kuombwa tu, na mwanawe, si na wewe, kama angependa siku moja kumsimulia mjukuu wake utoto wa Unguja kabla ya kuhama. Akikataa, mheshimuni. Akikubali, msimhimize afike 1964 asipotaka.

Sheria ya Texas haiwakimbizi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo wa mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule binafsi, na masomo yanayotakiwa ni kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hakuna atakayewauliza karne ya 19 mmeimaliza lini. Mnaweza kukaa Kilwa miezi, mkaandaa mioyo yenu.

Swali la binti yenu, hata hivyo, bado halijapata jibu, na kwa mtoto wiki chache ni muda mrefu. Kabla hamjachagua kitabu chochote, ningependekeza wewe na baba yake mkae naye, mumwambie kwamba aliuliza jambo la maana, kwamba hamjui ni nani aliyemchukua yule msichana, na kwamba bibi yake hakumchukua. Kisha mumuulize yeye anataka kujua nini zaidi. Pengine atataka historia nzima ya Bahari ya Hindi, na pengine anataka kujua tu kama bibi amemkasirikia.

Nakutakia kheri, wewe na wote wa nyumbani kwako.